Mama Félicité Lifoko na Nafasi Nyeupe Katika Blanketi Lake

Ndugu zetu wa Mangobo, na ninyi mliopanda mto kutoka Yanonge na Isangi kuja kumsindikiza, poleni na safari, poleni na msiba. Ninayesoma ni Chimène, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Mnaona karatasi hizi zimechapwa leo asubuhi, wino bado unashika vidole. Zilichelewa kwa sababu ya jina moja. Kila wasifu huishia kwa majina ya watu ambao marehemu amewaacha, na sisi tangu Alhamisi tulikuwa tukibishana kama jina la Landry, mtoto wake wa mwisho, liandikwe pale, au liandikwe pamoja na wale waliotangulia. Nitafika huko. Yaya, ndivyo nilivyomwita dada yangu mkubwa, hakupenda mtu anayeruka mishono.

Mama Félicité Lifoko alizaliwa Yanonge tarehe 8 Septemba 1955, mtoto wa kwanza wa baba mvuvi na mama aliyeuza chikwangue za muhogo gatini. Alipenda vitambaa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akiwa na miaka sita alichukua kisu cha samaki, akakata kipande cha mraba mgongoni mwa shati la baba la Jumapili, kwa sababu alipenda mistari yake. Baba hakujua. Alivaa koti juu, akaenda misani, joto likamzidi, akavua koti. Waliokaa nyuma yake hawakusikia hata neno moja la mahubiri siku ile. Kule nyumbani hakumpiga. Alimwambia tu arudishe alichotoa, na yaya akaziba tundu kwa kiraka chenye ua jekundu, maana kipande cha mistari alikuwa amekwisha kukificha na hakukubali kukitoa. Baba alivaa ua lile mgongoni miaka mingi, na aliyemcheka alijibiwa kwamba mwanaye ni fundi.

Alianza shule ya msingi Yanonge mwaka 1961. Mwaka 1964 vita vilipofika, tulikimbilia msituni na masomo yakakatika, akarudi darasani akiwa mrefu kuliko wenzake. Kuanzia 1969 hadi 1973 alisoma kwa masista huko Isangi, upande wa ushonaji. Masista walimfundisha kufumua. Mshono ukienda upande, unafumua wote, hata kama ni wa jana. Walimfundisha pia kutia alama kwenye kazi yake, na yaya akachagua msalaba mdogo wa uzi mwekundu kwenye pembe. Alama ile hakuiacha mpaka mwisho, na naomba muikumbuke.

Mwaka 1974 alikuja Kisangani na kuajiriwa katika kiwanda cha nguo, chumba cha ukaguzi. Kitambaa kilipita mbele ya macho yake tangu asubuhi hadi jioni, na yeye alitafuta kasoro. Alifanya kazi hiyo karibu miaka thelathini. Mtu angedhani kwamba akifika nyumbani hataki hata kuona uzi. Thubutu! Alivua viatu, akanywa maji, akavuta kapu lake la mabaki. Alisema kule kiwandani anashonea tumbo, hapa anashonea roho.

Tarehe 16 Aprili 1977 alifunga ndoa na Papa Noël Lokangu, fundi wa mashine za boti, mtu mpole aliyezoea kuketi juu ya sindano bila kulalamika. Mungu aliwapa Simone mwaka 1979, Célestin mwaka 1983, na Landry, kitinda mimba, mwaka 1988.

Wanawake wa avenue yetu mnazijua Jumapili zake. Baada ya misa alitandika mkeka uani, na Mama Madina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja na birika la chai yenye tangawizi. Yeye Mwislamu, sisi Wakatoliki, sindano haikuuliza. Kila mmoja alileta vipande vyake: upindo wa liputa la kitenge, mkono wa shati, pazia lililoliwa na panya. Tulivipanga chini, tukavigombania, rangi hii haipatani na ile, wewe Chimène una macho ya bata, toa hicho. Haba na haba hujaza kibaba, na jioni kulikuwa na kitu kizima mahali ambapo asubuhi palikuwa na takataka. Furaha yake ilikuwa pale. Niliwahi kumwona akipapasa blanketi lililokwisha, macho amefumba, akitabasamu peke yake.

Aliwashonea watoto wachanga wa kila rafiki. Lakini blanketi moja hakumshonea mtu. Mama yetu alipofariki mwaka 1991, matanga yakaisha na nguo zikagawanywa, yaya aliomba kipande kimoja cha kila marehemu wa nyumba yetu. Alichukua shuka jeupe, akashonea juu yake liputa la mama, shati la baba, aliyekuwa amemtangulia mama, na kile kipande cha mistari alichokificha tangu utoto. Tangu siku hiyo, kila msiba ulileta kiraka. Kanzu ya Mahmoudi, mume wa Madina, imo. Sheria ilikuwa moja: kitambaa cha mtu aliye hai hakiingii. Blanketi lile lilikaa kwenye kitanda cha wageni, na wageni wengine waliomba ruhusa ya kwenda kulala kwingine. Siwacheki. Mimi mwenyewe nimelala chini yake, nikahisi wananisogelea.

Jumatatu tarehe 5 Juni 2000, asubuhi, yaya alimtuma Landry apeleke blanketi dogo katika commune ya Tshopo, kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa amejifungua. Lilikuwa la njano na buluu. Landry alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliliweka kichwani, akatoka akipiga mluzi. Mizinga ilianza akiwa njiani. Wenye umri wangu hamhitaji kuelezwa vita vya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yakipigania mji wetu. Yaya alitaka kutoka, Papa Noël akamshika, wakalala chini ya kitanda na watoto wale wawili huku kuta zikitetemeka. Mizinga iliponyamaza alikwenda Tshopo. Mwenzake hakumwona mtoto wala blanketi. Alikwenda hospitali, alikwenda kwenye makaburi ya haraka haraka, alivuka mto hadi Lubunga, alipanda toleka mpaka waendesha baiskeli wakamjua jina. Hakuna aliyemwona. Hatukupata mwili, hatukupata kiatu.

Kuanzia hapo dada yangu alikuwa na tabia moja ambayo wengi wenu mliiona na hamkuielewa. Akiingia ua wa mtu, kabla ya kusalimia alitazama kamba ya nguo. Alitafuta njano na buluu. Wapo waliomwona ana dharau, na mmoja alimwita mchawi, akidhani anahesabu nguo za watoto. Leo mmeelewa.

Kwenye blanketi la marehemu aliacha nafasi katikati, upana wa viganja viwili, shuka jeupe tupu. Wengine walipokufa aliwashona pembeni, akaizunguka nafasi ile. Simone husema ukilala chini ya blanketi lile, mahali peupe ndipo panapopata joto kwanza. Célestin yeye hakukubali hata kuingia chumba kile, na ni baba wa watoto wanne.

Papa Noël alifariki tarehe 3 Machi 2009. Matanga yake yalipokwisha, ndugu zake walimketisha yaya chini, wakamwomba akate shati la shule la Landry, alishone, mtoto afanyiwe matanga na roho yake itulie. Walisema kwa upendo. Yaya aliwasikiliza mpaka mwisho.

“Bon, nimesikia,” akasema. “Shati yake iko ndani ya sanduku, mukasi iko pa meza. Mwenye alimuona Landry amekufa, asimame, akate.”

Hakusimama mtu. Akawapakulia pondu.

Halafu ukaja mwaka 2011. Tulikuwa gatini kule Yanonge, yeye na mimi, tukingoja boti. Mwanamke mmoja alishuka kutoka pirogue, mtumbwi wa walanguzi wa samaki, na beseni kichwani. Chini ya beseni palikuwa na kata ya kitambaa kilichoviringishwa, kichafu, chenye harufu ya moshi. Yaya aliniachia mkono. Alimwendea yule mama, akamwomba atue mzigo, akaikunjua kata. Ilikuwa njano na buluu, imepauka, na kwenye pembe msalaba wa uzi mwekundu. Niliuona kwa macho yangu, haya ya bata.

“Ile?” yule mama akashangaa. “Tulipata ile ku soko ya Barumbu, mama. Kitambo sana. Mwenye aliuzisha, simujue.”

Yaya alivua liputa lake jipya la juu, akampa, akachukua kile kipande. Hatukupanda boti ya Kisangani. Tulishuka mto mpaka Barumbu, tukauliza sokoni, kanisani, kwa wavuvi, mpaka watu wakaanza kutukimbia. Hakuna aliyejua chochote. Tuliporudi nyumbani, Célestin alikishika kipande kile, akalia kwa hasira.

“Maman, tusijidanganye. Ile inaonyesha walimunyanganya. Alikufa, alors batu bakauzisha.”

“Hapana,” yaya akamjibu. “Inaonyesha alifika mbali.”

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi sikujua nani ana haki kati yao, na hadi leo sijui. Walipendana, lakini toka siku ile jina la Landry halikutajwa tena mezani wakiwa wote wawili.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2017. Ulianza na miguu, ukaja kwenye macho, macho yale yaliyokuwa yakikamata uzi mmoja uliokatika katika jora zima la kitambaa. Mwaka jana alikuwa haoni tena ila mwanga. Aliendelea kushona kwa vidole. Kazi yenyewe ilikwenda kombo, na sisi hatukuthubutu kumwambia afumue. Kilichomsumbua si giza. Alinishika mkono siku moja uani kwa Madina, akaniuliza, “Chimène, ku kamba kuko nini?” Nikamsomea: shuka, suruali, taulo la kijani. Akashukuru. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, Simone amemshika kichwa.

Ugomvi ulianza kabla ya chai. Célestin alisema jina la ndugu yake liandikwe na waliotangulia, mama yao ampokee kule, na nafasi nyeupe ijazwe kwa shati la shule kabla ya mazishi. Simone alisema mama angefufuka kwa hasira. Tulipiga kelele mbele ya maiti, Mungu atusamehe. Jumamosi Célestin alichukua mkasi, akaingia chumba kile alichokikimbia miaka ishirini na mitano, akalikunjua blanketi. Akakaa chini. Tulipoingia tulimkuta bado amekaa, mkasi uko sakafuni.

Nafasi nyeupe haikuwapo. Ilikuwa imejazwa kwa kitambaa cha buluu chenye ndege, liputa la yaya la misa, lile ambalo mmemwona nalo kila Pasaka. Mishono ilikuwa mikubwa na imepinda, ya mtu asiyeona. Kwenye pembe, msalaba mwekundu. Maisha yake yote hakuwahi kumruhusu mtu aliye hai kuingia kwenye blanketi lile, na wa kwanza kuvunja sheria hiyo akawa yeye mwenyewe.

Tulimtuma mtu kwa Madina. Alikuja taratibu, akatazama, wala hakushangaa.

“Mi ndiye nilimutilia uzi ndani ya sindano,” alisema. “Nilimuuliza, Féli, lakini ile fasi ni ya mutoto. Akasema: donc, nikilala pale mimi, yeye hatapata fasi. Atabakia inje, na bazima, benye kuwa hai.”

Célestin alilia kama mtoto, na mimi nilishukuru kumwona analia. Kisha aliomba kalamu. Mistari inayofuata ameiandika yeye kwa mkono wake, mimi ninaisoma tu.

Mama Félicité Lifoko ametanguliwa na wazazi wake na mume wake Noël. Ameacha mdogo wake Chimène, rafiki yake Madina, wajukuu saba, na watoto watatu: Simone, Célestin na Landry.

Landry, ndugu yangu, una miaka thelathini na saba. Shati lako la shule liko kwangu, halijakatwa.

Mama apumzike sasa kwa amani. Kamba za nguo tutazitazama sisi.