Vitambaa Tisa Vyekundu vya Mama Pakauke

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu mkiwa bado na sare zenu, familia inawaomba msogee karibu kidogo, maana spika hii inakoroma na anayesoma mwenyewe sauti yake leo si ya kutegemewa. Tunayemzika ni dada, mke, mama na bibi, ambaye hospitalini wachache sana walimjua kwa jina la kuzaliwa, wote walimwita Mama Pakauke, kwa sababu kwa miaka ishirini na tisa kila aliyetaka kukanyaga sakafu yake mbichi, awe daktari, awe mgonjwa, awe mkurugenzi, aliambiwa maneno mawili tu, subiri pakauke.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, baba yetu akiwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama yetu akifua nguo za watu. Mdogo wake, fundi cherehani ambaye ndiye anayesoma mbele yenu, alizaliwa miaka mitano baadaye, akabebwa mgongoni na dada huyu mpaka miguu ilipokaribia kuburuza chini, na watu walipomwonya kwamba anamdekeza, alijibu kwamba anao mgongo mmoja na mdogo mmoja, hesabu imekaa sawa.

Alianza shule ya msingi Januari 1977 na kumaliza Novemba 1983, akiwa na mwandiko ambao mwalimu wake aliwazungushia wengine darasani ili waone aibu, lakini mwaka huohuo mama alivunjika nyonga, mmoja wetu akatakiwa abaki nyumbani kumwangalia, naye hakusubiri kuulizwa. Mdogo wake aliendelea na shule, akajifunza ushonaji, akafungua kibanda chake, na kila alipomshukuru dada kwa jambo hilo, dada alimwambia aache maneno mengi, amshonee tu nguo zake kwa wakati, jambo ambalo, kama wateja wote waliopo hapa wanavyojua, lilikuwa ombi gumu kuliko yote.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1992, na shemeji yetu fundi seremala, mzee huyu aliyekaa hapa mbele na kofia yake mapajani, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwalimu, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba ambaye yuko mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi, pamoja na wajukuu wanne. Shemeji anasema katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kuingia ndani kwake na viatu, hata siku aliyorudi na homa mvua ikimnyeshea, alisimamishwa mlangoni kwa huruma nyingi na kuambiwa avumilie kidogo pakauke.

Tarehe 2 Mei 1994 aliajiriwa hospitalini kama mfanyakazi wa usafi, akaanzia jikoni, akapita wodi ya wazazi, akapita chumba cha upasuaji, na kuanzia 2007 akakabidhiwa ule ushoroba wa vyumba tisa vya magonjwa ya kuambukiza, pamoja na mwenzake wa zamu ambaye yeye alimwita Pacha, ingawa hawakufanana hata ukucha. Kazi hii watu huidharau kwa sababu hawaijui, hawajui kwamba ndoo ya choo haipaswi kuingia chumbani, kwamba deki husukumwa kutoka pembe safi kwenda chafu na hairudi ilikotoka, kwamba kitu chenye unyevunyevu hakitundikwi popote hospitalini mpaka kikauke kabisa, kwa kuwa vijidudu hupenda umajimaji, na haya yote Pacha aliyajua kwa sababu Mama Pakauke alimfundisha kwa ukali usio na likizo. Na mtu akimwambia, kwa kumtania, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, yeye alisema waliotunga methali hiyo hawakuwa na deki.

Mwaka 2011 alikuja matroni mmoja, sasa amestaafu na tunamwona pale kwenye safu ya pili, ambaye wiki yake ya kwanza tu aliagiza wafanyakazi wa usafi waingie kwenye makabidhiano ya zamu kila asubuhi, wakae kwenye viti kama wauguzi, waelezwe chumba gani kina nini na waulizwe wao wameona nini. Nyumbani dada alirudi siku hiyo akacheka peke yake, akasema leo nimeulizwa, na mumewe alipouliza ameulizwa nini, akasema haijalishi, nimeulizwa. Ni yeye aliyegundua kwamba mgonjwa wa chumba namba mbili alikuwa akificha vidonge chini ya godoro, ni yeye aliyesema bomba la sinki la wauguzi linavuja ukutani kabla ukuta haujaota ukungu, na kwa miaka tisa hakuchelewa kikao hicho hata mara moja, alikuwa na kiti chake kando ya mlango, na mtu akikikalia kwa bahati mbaya alisimama mbele yake mpaka akaelewa.

Januari 2021, matroni akiwa amekwisha kustaafu, usafi ulikabidhiwa kwa kampuni, watu wakabaki walewale na ndoo zilezile, ila sare zikabadilika, na wakaambiwa makabidhiano ya asubuhi hayawahusu tena, kwa maelezo kwamba usafi ni wa kampuni na magonjwa ni ya hospitali. Dada aliuandikia uongozi wa hospitali barua saba, kwa ule mwandiko wake, nakala zake zote zimo ndani ya bahasha iliyo mikononi mwa kitinda mimba, akiomba jambo moja tu, kwamba anayeingia chumbani kupiga deki aambiwe kuna nini ndani, maana barakoa zile nzito zilitolewa tatu kwa wiki kwa kila mtu na hakuna awezaye kuzivaa kila chumba. Barua saba zilipokelewa, zikapigwa mhuri, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Alipochoka kusubiri alikuja kwa mdogo wake, akachukua kitambaa chekundu kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, akakatiwa vipande tisa vyenye vitanzi, kila chumba na chake kisichohamishiwa mlango mwingine, akakubaliana na wauguzi wa ushoroba kimyakimya kwamba chumba chenye ugonjwa wa hewa kitafungwa kitambaa kwenye kitasa, na asiyeona kitambaa aingie kama kawaida. Ule ndio uliokuwa utaratibu wote, ndugu zangu, vipande tisa vya pazia, na kwa miaka miwili hakuna mfanyakazi wa usafi aliyeugua.

Lakini kitambaa huchafuka, naye aliona mapema kwamba siku kinafuliwa mlango unabaki mtupu, hivyo Ijumaa tarehe 17 Februari 2023 alikuja kibandani akaomba vingine tisa vya akiba. Fundi akamwambia njoo Jumatatu. Akaja Jumatatu, fundi alikuwa na sare za kwaya, akamwambia kesho. Akaja mara ya tatu, tarehe 3 Machi, akikaribia kuanza likizo yake, akaambiwa tena kesho, akacheka, akasema kesho ya fundi haina tarehe, akaacha mfuko wa kitambaa juu ya meza ya kukatia, na mfuko huo ukafunikwa na kazi za watu.

Wakati yuko likizo, katika chumba namba sita alilazwa mgonjwa wa kifua kikuu sugu, na kitambaa kikafungwa. Jumatatu tarehe 13 Machi mgonjwa alipokuwa akitolewa kwenda kupigwa picha ya kifua alitapika damu, ikarukia kitambaa, Pacha akakifua kwa dawa kama alivyofundishwa na kukianika nyuma ya jengo, kisha akaingia kwenye mapumziko yake ya siku tatu, na mvua ikaanza siku ile, ikanyesha Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na kitambaa hakikukauka. Aliyeshika zamu ya Pacha akakigusa kila asubuhi, akakikuta kibichi, akakiacha kwenye kamba, kwa sababu ndivyo Mama Pakauke alivyotaka, na Mama Pakauke mwenyewe, aliyerudi kazini Jumanne ile, aliona kitasa kitupu, akaingia chumba namba sita bila barakoa siku tatu mfululizo, akasugua chini ya kitanda, akafuta kingo za dirisha lililofungwa kwa ajili ya mvua, na kwa kuwa mgonjwa hakuwa na mtu wa kumtembelea, alikaa naye kitambo kila siku akimsimulia habari za wajukuu. Ijumaa Pacha alirudi, akamwona akitoka tena namba sita na ndoo yake, uso mtupu, na ndoo ya Pacha ikamponyoka mkononi.

Kikohozi kilianza Juni, tarehe 3 Julai 2023 vipimo vikatoa jibu, na daktari akasema ugonjwa ule ulikuwa wa aina ileile ya namba sita. Akalazwa kwenye ushoroba wake mwenyewe, chumba namba nne, akameza dawa zilizomtia kichefuchefu na kumziba masikio, akapungua mpaka pete ikafungwa uzi ili isimtoke, na kilichomtesa kuliko kikohozi, wauguzi ni mashahidi, ni kuona vumbi juu ya taa asiweze kulifikia. Tulihangaika, tuliomba, tuliahidi mambo ambayo hatukuwa na uwezo wa kuyatimiza, na kila wiki tuliambiwa tusubiri wiki nyingine. Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, miezi mitano na siku tisa.

Jana familia ilipokea barua ya rambirambi ya kampuni, na ndani yake imeandikwa kwamba marehemu alipatwa na ugonjwa kwa kutozingatia taratibu za kujikinga. Na Pacha, tangu Alhamisi, hali chakula, na leo amekaa nyuma kabisa karibu na geti, kwa sababu anaamini ni yeye aliyemuua.

Historia hii iliandikwa na kupitishwa na familia hadi hapo, na hapo ndipo nilipotakiwa kwenda kwenye shukrani. Nisamehe, shemeji, haya yanayofuata hujayasikia. Dada hakukiuka utaratibu, utaratibu aliutunga yeye, na Pacha hakukosea, alifanya kama alivyofundishwa. Kilichokosekana kwenye kile kitasa ni kitambaa cha akiba, nacho kilikuwa mezani kwangu, kwenye mfuko, zikiwa zimepita siku ishirini na tano tangu aniombe, kazi ya saa moja na nusu ambayo nilimwahidi dada yangu mara tatu, yule aliyeacha shule ili nisiache mimi. Nimekaa kando ya kitanda chake miezi sita na sikumwambia. Alijua, nadhani alijua, kwani hakuniuliza tena habari za vile vitambaa, mtu ambaye hakuwahi kusahau deni la sindano. Haya maji, dada, hayazoleki, hata kwa deki yako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ushoroba waliomhudumia bila kumkunjia uso, inawashukuru majirani waliochota maji, waliopika na kulala nasi sakafuni, inamshukuru matroni mstaafu aliyempa kiti, na inawashukuru sana wafanyakazi wenzake wa usafi, waliokipiga deki chumba namba nne kila siku, wakiwa na barakoa walizochangiana. Kwa mkurugenzi, ambaye tumearifiwa kwamba yupo, hatuna matusi, tuna barua saba ndani ya bahasha, atakabidhiwa na kitinda mimba, ambaye mwakani atafanya kazi katika wodi kama hizo, na tunaomba azisome akiwa ameketi kwenye kile kiti kando ya mlango.

Pacha, tafadhali inuka uje mbele, watu watakupisha. Huu hapa mfuko. Vipo tisa, vyote vina vitanzi, nimevishona juzi na jana, mshono mara mbili, na vimekauka. Ukae hapa na sisi ndugu, si kule getini.

Na wewe, dada, uliyetusimamisha sote mlangoni maisha yako yote, leo pamekauka, pita, ukapumzike kwa amani.