Tofu ya Do-shik

Nje ya soko la samaki la Busan, kando ya mashine ya kahawa, lipo benchi ambalo likishakaliwa na watu watatu, jiji halina tena haja ya chuo kikuu. Yupo Jaji, aliyeingia mahakamani mara moja, tena kwa kupotea njia. Yupo Kamishna, mlinzi mstaafu wa maegesho. Na yupo Pweza, muuza mikunga, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na kipande cha tofu, jibini la soya, mapajani na moyo juujuu. Saa nne Do-shik, rafiki yake tangu utotoni, angetoka gerezani. Miaka sita nyuma wote wawili walipigana na watu bandarini. Mbele ya hakimu Do-shik akasema alikuwa peke yake. Pweza hakuwahi kwenda kumtazama gerezani. Aliona haya.

Wenzake hawakuyajua hayo. Walikuwa wakibishana juu ya filamu ya majambazi waliyoiona jana: marafiki wawili wa utotoni, mmoja kafungwa kwa kosa la wote.

— Kanyamaza kwa ajili ya dhahabu, alisema Jaji. Imezikwa. Kitaalamu huwa inazikwa.

— Dhahabu gani, kaka Jaji? alidakia Kamishna. Wale baba yao mmoja! Hukuyaona masikio?

— Yako ndiyo ya kutazamwa! Basi alikula samaki bunju, sumu ikampooza ulimi.

— Mahakamani?

— Kwani mahakamani watu hawali?

— Labda alimpenda tu mwenzake, alisema Pweza.

— Wewe kunywa kahawa, alisema Jaji. Haya mambo ya wataalamu.

Bi Ok-bun, msafisha samaki, alikuwa ndiyo kwanza anatumbukiza sarafu mashineni. Akageuka.

— Na yule aliyebaki nje, alimwambia asante?

— Hilo filamu haikuonyesha, alisema Jaji.

Pweza akasimama.

— Wapi tena? Kahawa bado!

— Gerezani.

— Umefanya nini?

— Nimechelewa.

Getini alimpa Do-shik ile tofu kwa mikono miwili, kama anayempa baba yake.

— Asante, alisema Pweza.

— Umenenepa, mshenzi wewe, alisema Do-shik.

Akaing'ata tofu nyeupe, maana kwa desturi ya kwao atokaye gerezani huila ili asirudi tena humo. Kisha akaimega katikati, akampa mwenzake nusu.

— Kula. Na wewe umetoka leo.