Fundi wa Friji na Wapangaji Wake

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, mimi ni bibi yake marehemu, mama wa mama yake, na kwa kuwa mimi na maandishi hatukuwahi kufahamiana, historia hii nimeisema mwenyewe, dada yake ameiandika na ndiye anayewasomea, nami nimekaa hapa mbele namsikiliza asije akaruka neno. Wapo waliotaka karatasi iwe fupi, isemwe tu kwamba alikuwa mpole na mpenda wanyama, kisha tumzike. Alikuwa mpole, ndiyo, na upole huohuo ndio uliotukusanya hapa leo, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, katika zahanati iliyokuwa mkabala na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa binti yangu, akalia kwa sauti ndogo hata mkunga akamgeuza kumtazama upya, akasema, "Huyu, mama, hataki kusumbua watu." Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, baba yake akaoa kwingine akahamia hukohuko, watoto wote wawili wakabaki kwangu, nami nikawa namwita mume wangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu wao, naye akiingia kutoka kucheza, magoti yamechubuka, anauliza kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mke wangu, leo tunakula nini?"

Alianza shule ya msingi Januari 1992 akamaliza mwaka 1998, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alikuwa mtoto ambaye ukimpa kitu akushikie, utakikuta mkononi mwake hata ukirudi jioni. Mwaka huo wa mwisho mwalimu wake wa hesabu alihamishwa, akaja nyumbani na kobe ndani ya karai, akasema, "Nitunzie huyu, kijana wangu, nikishatulia huko nitatuma mtu amchukue." Mwalimu alitulia, nasikia hata nyumba alijenga, lakini mtu wa kuja kumchukua kobe hakutumwa, na huyo ndiye aliyekuwa mpangaji wa kwanza.

Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1999 hadi 2002, kisha akaenda chuo cha ufundi kujifunza friji na viyoyozi, akahitimu Desemba 2004, na tarehe 7 Februari 2005 akaajiriwa katika karakana iliyo nyuma ya soko la nguo, ambako amefanya kazi mpaka siku alipoumwa. Mwenzake wa karakana, huyu mnayemwita Gesi, ndiye aliyenieleza jinsi mambo yalivyoanza, maana mimi nilikuja kuona tayari yameota mizizi. Watu huleta friji ya kutengenezwa, wakiambiwa imekufa kabisa hawarudi kuichukua, inabaki pale uwanjani inakula jua, na marehemu akaona ni dhambi kuitupa, akaanza kuzibeba kwake moja moja, anaitoa mashine, anailaza chali, anakata mlango na kutia kioo, anatoboa matundu ya hewa, anafunga balbu ya joto kwenye kona, na ndani anamwaga mchanga. Nilimwambia, mume wangu, umesomea kutia watu baridi, leo unafuga joto? Akacheka, akanijibu, "Friji haijui baridi wala joto, bibi, inatunza tu kile ulichoipa."

Tarehe 20 Agosti 2011 alimwoa mke mwenzangu, huyu hapa kushoto kwangu, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi, na tarehe 2 Juni 2013 Mungu akawajalia binti, kitukuu changu. Nyumba yao ina vyumba viwili na sebule, chumba kimoja chao na cha pili cha mtoto, hivyo ndivyo walivyopanga siku walipohamia, na ukutani mama mtu alikwishapaka rangi ya waridi. Kobe wa mwalimu akawekwa humo kwa muda, ndani ya friji yake, kisha akaja guruguru aliyeokotwa stoo ya karakana, kisha vinyonga wawili, na hao, nisimsingizie mtu, aliwatafuta mwenyewe, aliwapenda, alikaa mbele ya kioo chao na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Akamwahidi mkewe, mbele yangu, "Friji nne, mama watoto, sina nguvu ya zaidi ya nne, nne naziosha, nazilisha na kazini nafika." Na kweli nne aliziweza. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, alikijua mwenyewe na alikitaja kwa kinywa chake, msije mkasema hapa kwamba hakujijua.

Lakini mtaa ulikwishajua kwamba kuna mtu haoni kinyaa, wakampa na cheo, Daktari wa Kobe, na cheo hicho, mjukuu wangu, kilikulevya, ulikuwa ukiitwa hivyo barabarani unarekebisha kola. Wakaanza kuja. Mwalimu wa jirani alileta kobe wa majini ndani ya beseni, akasema wanawe wamewachoka. Mama wa duka la dawa alileta mijusi wa rangi ambao mwanawe alinunuliwa siku ya kuzaliwa, akasema wanamtazama vibaya akiwa anakula. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja siku ya mvua na chatu ndani ya pipa, alimnunua akiwa mwembamba kama mkanda, sasa amekuwa kama mguu wa mtu, akasimama mlangoni maji yakimchuruzika, akasema, "Fundi, wiki moja tu, nikirudi safari namfuata." Safari hiyo imeisha huu mwaka wa nne, naye nimemwona ameingia hapa amevaa miwani ya jua, karibu sana, baba, kaa.

Kila aliyekuja alimkuta marehemu anakuna kichwa, anasema, "Kwa kweli nafasi sina," na kila mmoja alimjibu kwamba huyu mmoja atasumbua nini, na kule karakana friji hazikuacha kufa, kila wiki kuna iliyotelekezwa, basi nafasi ikawa inapatikana hata pale nguvu zilipokwisha. Hilo ndilo lililomdanganya, alihesabu friji akasahau kuhesabu mikono, na mikono yake ilikuwa miwili kama ya kila mtu. Friji zikajaa chumba cha mtoto, zikapangwa moja juu ya nyingine, rangi ya waridi ikawa haionekani tena, kitanda cha kitukuu changu kikahamia sebuleni nyuma ya cherehani, na mtoto wa pili, ambaye mke mwenzangu alimtamani kila mwaka, akawa anangoja chumba. Siku moja nilimsikia mkewe akimwambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Baba watoto, angalau huyu chatu arudi kwao," naye akajibu upesi, "Hapana, nitawaambiaje watu?" Neno hapana ulikuwa nalo, mume wangu, ila ulilitumia nyumbani tu.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Septemba 2022, siku aliponyanyua peke yake friji ya chatu, chatu yumo ndani, ili asafishe chini yake, kwa sababu kila aliyemwomba amshikie upande mmoja alicheka akakimbia, na akahisi kitu kimeachia kinenani. Ilikuwa ngiri. Daktari mpasuaji, kijana mmoja mwenye heshima sana, alimweleza mbele ya mkewe kwamba ni upasuaji mdogo, ila baada yake wiki sita asiinue kitu kizito kuliko ndoo ya mtoto, akamwuliza, "Nyumbani una mtu wa kukusaidia kazi?" Marehemu akasema anao wengi, na nadhani aliamini hivyo, kwa sababu aliporudi alianza kuwapitia mmoja mmoja wale waliomletea, na mimi nilikuwa naye, nimeshika mkono wake, mwenye njia ya kunisahihisha anisahihishe. Yule mwalimu wa jirani akasema mitihani imekaribia. Mama wa duka la dawa akasema, "Wale wamekuzoea wewe, fundi, kwangu watagoma kula." Mwenye duka la vifaa akacheka mpaka akashika meza, akasema, "Mimi na nyoka? Daktari wa Kobe, acha utani!" Tukarudi nyumbani, marehemu akasema, "Wana shughuli zao, bibi," akaahirisha.

Mara ya pili, Mei 2023, mke mwenzangu alimwambia aende, atawalisha yeye, na huyu ni mwanamke anayeruka juu ya kiti akiona mjusi wa ukutani, alijifunza kushika kobe akiwa amevaa glavu za kuoshea vyombo, na Gesi akajitolea kumwangalia chatu. Marehemu alikwishavalishwa nguo za kijani, amelazwa kitandani anangoja kusukumwa, simu ikalia, jirani mmoja anamwambia, "Fundi, umeme umekatika mtaa mzima, balbu zako zote zimezimika, wadudu wako watakufa baridi." Huyo jirani alikuwa amesimama dirishani kwao, jiko lake linawaka, angeweza kuchemsha maji akatia kwenye chupa, marehemu alikuwa amewaonyesha wote namna ya kufanya, lakini akaona kazi yake inaishia kwenye kutoa taarifa. Mkewe alikuwa pale wodini, akamshika mkono, akamwambia, "Wacha wafe, nakuomba," na marehemu akamtazama kama mtu asiyeielewa lugha hiyo, akavua nguo za kijani, akaenda. Umeme ulirudi kabla hajafika getini.

Asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2023 alinyanyua friji tena, safari hii utumbo ukanasa, akaficha maumivu mpaka alipomaliza kulisha wote, kwa sababu ilikuwa siku yao ya kula, na mkewe alipomkuta amekaa chini ameegemea kioo, jasho linamtoka, jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba vinyonga hawajanyunyiziwa maji. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa jioni hiyo, lakini sumu ilikwishaenea mwilini, na tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, ameacha mjane, binti mmoja, dada mmoja na mimi, ambaye sikupaswa kuwa hapa nikiyasema haya, yeye ndiye alipaswa kusema yangu.

Jana katika kikao cha ukoo, baba yake mdogo, ambaye mara ya mwisho kuingia nyumba ile ilikuwa siku ya harusi, alisimama akasema wanyama wasiguswe, wabaki na mjane, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu ya marehemu. Watu wakaitikia, vizuri, vizuri. Mke mwenzangu alitazama mikono yake, na mimi niliyemjua miaka yote hii nikajua kwamba tukinyamaza atakubali, atawaosha na kuwalisha huku anatetemeka, mpaka na yeye tuje tumsomee karatasi. Kwa hiyo nasema mimi. Kumbukumbu ya marehemu ina miaka kumi, imekaa pale mstari wa mbele, imevaa soksi nyeupe, na inataka chumba chake.

Tukitoka makaburini, mlango wa nyumba utakuwa wazi, Gesi atakuwa pale kuwasaidia kubeba, na kila aliyeleta aje achukue alichokileta, pamoja na friji yake. Wanyama watakaobaki, afisa wa wanyamapori amekubali kuwafuata Jumatatu, mtu mwema, ila amesema atauliza kila mmoja alitoka kwa nani, na mimi nitakuwa nimekaa mlangoni, kusoma sijui, lakini sura za watu sisahau.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari mpasuaji na wauguzi wa wodi ya wanaume, walimwambia ukweli mapema na walimpigania mwishoni, hatuna deni nao la lawama. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana, na Gesi zaidi ya wote, ambaye chatu alijiviringisha mkononi mwake naye hakutoroka. Majirani, tunawashukuru kwa viti, kwa turubai na kwa machozi, na mkitaka tuwashukuru kwa zaidi ya hapo, leo mna nafasi.

Na wewe, mume wangu, nimekukasirikia, nitakuzika na hasira zangu na nitazimaliza taratibu nyumbani, maana ulitunza cha kila mtu ukajisahau, ukatusahau na sisi. Hakuna atakayekugongea tena na boksi mkononi. Lala, mjukuu wangu, upumzike, zamu ya kulisha si yako tena.