Chango Lililokaa: Kumuaga Dkt. Dafrosa Lugembe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi yetu ya upasuaji, Dkt. Dafrosa Lugembe anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa kuandika kwa kuwa nilimtangulia hapa kazini, na walionitangulia mimi hawapo tena.

Alianza kazi akija kwa baiskeli kutoka Isevya. Baiskeli ile bado ipo. Breki ndizo zilizostaafu mapema.

Wagonjwa wetu wengi wakiumwa tumbo husema wana chango. Daktari kijana mmoja alicheka: "Daktari, chango si ugonjwa." Dkt. Dafrosa akamjibu, "Kweli. Lakini mgonjwa ameanzia hapo, nasi tuanzie hapo." Kisha akamgeukia mgonjwa na swali lake la siku zote: "Chango lako linatembea au limekaa?" Linalotembea mara nyingi huwa minyoo au gesi. Lililokaa, mkono wake hulitafuta mpaka aridhike.

Ndivyo alivyokutana na Mama Bertila wa Choma, aliyekuwa ametibiwa vidonda vya tumbo msimu mzima. "Limekaa kama mgeni asiyeaga," mama alisema. Akapimwa kwa kamera, kipande cha nyama ya uvimbe kikapelekwa maabara Mwanza, jibu likarudi: saratani adimu inayoota kwenye misuli ya ukuta wa tumbo. Dkt. Dafrosa aliuondoa uvimbe, akamwanzishia vidonge vya kila siku, akahangaika visikatike. Hadi leo Mama Bertila hutuletea mchele baada ya mavuno na kumtania: "Mgonjwa mimi, mbona unakonda wewe?"

Wapo waliofika wamechelewa. Hao aliwauguza hadi mwisho, akaenda msibani, akakaa jikoni na wanawake akichambua mboga.

Sasa nakiri jambo wanalolijua wachache. Ugonjwa wa Mama Bertila ninao mimi pia. Ulikatwa, ukarudi, na vidonge haviuzuii tena. Kila asubuhi Dkt. Dafrosa huniamkia shikamoo kabla ya kunigusa tumbo. Kwa ajili yangu ameomba aongezewe mkataba ili asiondoke. Nami, kwa woga, nilifurahi.

Dafrosa mwanangu, uliowafundisha wanatosha. Wauguzi wote wa wodi wanalijua swali lako. Mizinga ya nyuki ya marehemu baba yako kule Sikonge inakungoja. Mji huu tangu enzi za misafara ni mahali pa kutua mizigo. Tua mzigo wako. Asante kwa mikono yako, na siku zako ziwe tamu kuliko asali utakayorina.

Chango langu limekaa. Wewe usikae.

Mzee Adriano Vedasto, daktari mstaafu