Kengele, Aliyewaita Wengine Wasifu

Ndugu, majirani na waumini mliofika kumsindikiza, mimi ni dada yake mkubwa. Kwetu yeye alipewa sauti, mimi nikapewa mdomo. Mtanivumilia.

Marehemu, ambaye hata wazazi wetu waliishia kumwita Kengele, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, chumba cha mwisho kabla ya bomba la maji. Alikuwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa mlinzi wa lango la kiwanda na mkewe. Usiku wa kwanza alilia mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta wa mbao akagonga kwa mpini wa ufagio, akauliza kama tumezaa mtoto au king'ora. Jina la Kengele lilianzia hapo na halikubanduka tena.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda, akaishia kidato cha pili mwaka 1979, baba alipoumia mgongo na karo ikakosa mwenyewe. Kwenye hesabu hakuwa lolote, wala sitamsifia uongo mbele ya jeneza lake. Lakini katika shule ya Jumapili mwalimu alipoeleza kwamba Haleluya ni neno la Kiebrania, na maana yake ni "Msifuni Bwana", Kengele alinyoosha mkono. "Mwalimu, kumbe ni kuwaambia watu? Na mimi ninayewaambia, kama siku hiyo sina hamu ya kusifu?" Mwalimu alimwambia akae chini. Alikaa, ila swali lilibaki naye.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi humo hadi 2019. Mashuka ya waliojifungua na ya waliokufa yaliingia kwa mlango uleule, na aliyeyapokea alijua habari za wodi kabla ya ndugu wa mgonjwa. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Yeye alishika ncha zake, akaanzisha wimbo, na mwenzake wa upande wa pili akaitikia huku wakisogeleana mpaka vidole vyao vikutane. Wenzake wa kazi wako hapa, na nimewaona wakilia tangu asubuhi.

Kwaya ilimpa kazi hiyohiyo. Alikuwa mwanzishaji. Alirusha neno, akanyamaza, wengine wakaitika. Huko ndiko alikompata seremala mwimba besi tuliyemzoea kwa jina la Randa. Shemeji alikuwa na ugonjwa mmoja: kwaya nzima ikishamaliza kuitika, yeye ndiyo kwanza anafika. Mwalimu wa kwaya alitaka kumfukuza. Kengele alisema, "Mwacheni, mimi nitamsubiri." Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, na hata siku hiyo tulimsubiri bwana harusi pale mlangoni. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Sasa nafika mahali ambapo mdomo wangu pia unakwama. Tarehe 3 Agosti 2011 yule kijana, aliyekuwa akijifunza ufundi wa umeme, aliangukiwa na ukuta wa jengo walilokuwa wakiliwekea nyaya. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Baba yake alikataa jeneza la dukani, akampimia mwanawe mbao kwa mkono wake mwenyewe. Hapa hapa makaburini, sanduku lilipoteremka, Kengele alisogea ukingoni akaanzisha Haleluya. Kwaya ilishtuka, kisha ikaitika. Randa hakuitika. Alisema, tukasikia wote, "Unamsifu kwa lipi? Kwa ukuta?" Akatupa koleo, akaondoka, hakumwona mwanawe akifunikwa.

Tangu siku ile Shemeji hakukanyaga kanisani. Nyumbani walipendana, tena sana, lakini neno lile lilikuwa marufuku. Kengele akilianza hata kwa kujisahau jikoni, mwenzake alichukua patasi akatoka. Watu walisema huyu mama ana moyo wa jiwe, amemwimbia mwanawe kama yuko harusini. Baadhi ya waliosema wameketi hapa, na mimi macho yangu bado yanaona vizuri.

Mwishoni mwa 2019 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa mara kwa mara katika hospitali aliyoifulia mashuka. Pumzi ilimtosha kusema "Ha-le" tu. Wanawake wa vitanda vya jirani wakazoea kummalizia. Wanawake wale walipungua mmoja mmoja, hadi akabaki yeye na bibi wa kitanda cha dirishani, na bibi huyo naye akaja kufa.

Wiki yake ya mwisho aliniambia, kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno mawili: "Dada, siku ile sikuwa na sifa hata moja. Nilikuwa mtupu. Niliwaita wengine wasifu, maana mimi sikuweza. Sikuitikia hata mara moja." Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mumewe. "Nikianza, anatoka. Msomee makaburini. Hapo hatatoka mara ya pili."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Jeneza mnaloliona amelitengeneza Randa mwenyewe.

Ameacha mume, Randa. Binti yao, msusi. Mjukuu mmoja wa kike mwenye makelele ya bibi yake. Mimi dada yake. Na kwaya isiyo na mwanzishaji. Alale salama Kengele wetu, alipo mwanawe.

Shemeji, nimesoma alichoniachia. Hakuwa akishukuru kwa ukuta. Alikuwa akiomba msaada, na wewe ulikuwa mtu wa kwanza ambaye yeye alitaka amwitikie.

Kengele aliomba jambo moja kabla udongo haujarudishwa. Mimi nitaanzisha, kwa sauti hii yangu ya bawaba kavu. Kwaya mnyamaze, ndugu mnyamaze, aitike Randa peke yake. Msimharakishe, mnajua huchelewa. Na akishindwa, mtu asimtazame kwa jicho baya. Itikeni ninyi, kwa niaba yake, kama mlivyomwitikia mkewe bila kujua. Neno hili liliwekwa kwa ajili ya siku ambayo mwenye kuliita hana kitu.

Haleluya.