Njuki wa Kithaka na Njahi za Mama Wambeti

Majirani wa hapa Runyenjes, na ninyi mliotoka Ruiri alfajiri ili mtuwahi, familia inawasomea maisha ya Njuki wa Kithaka kama dada yake mkubwa, Nyanya Ciakuthii, alivyoyasema yaandikwe, bila kupunguza, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliomba yasipunguzwe.

Njuki alizaliwa hapa tarehe 14 Machi 1928, mwaka nzige walipokula hata majani ya migomba, na tangu utotoni alikuwa na tabia ya kung'oa miche ili aone inakunywaje maji, hata mama yake akawa anamfukuza shambani kuliko alivyofukuza mbuzi. Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1937, akaenda Uganda kusomea kilimo, akamaliza Novemba 1953, na baba yake akawa anawaambia watu sokoni kwamba mtoto wake amesoma vitabu vikaisha, sasa anasoma mizizi.

Januari 1954 aliajiriwa Embu kama mtafiti, na kazi yake ilikuwa vinundu, vile vivimbe vidogo kwenye mizizi ya njahi, kunde na maharagwe, ambamo vijidudu vya udongoni huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Alitufundisha kwamba kinundu kikipasuliwa kikawa chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe kimelala, na kwamba udongo ukikosa fosforasi mmea haushibi. Ila ili kuyajua hayo, ilibidi mmea ung'olewe ukiwa na maua, kabla haujazaa.

Hizo zilikuwa siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, watu wametolewa makwao na kufungiwa katika kijiji kilichozungukwa na mtaro uliosimikwa miti iliyochongwa ncha, wanawake wakifunguliwa geti kwa muda mfupi tu wakatafute chakula. Mama Wambeti, mke wa baba yetu mdogo Njagi, alikuwa mjamzito, mumewe yuko kizuizini, na ng'ambo ya mtaro alikuwa na mistari ya njahi aliyoitunza kwa ajili ya uzazi, maana kwetu mama aliyejifungua hupikiwa njahi ili maziwa yashuke. Juni 1955 Njuki alikuja na pasi yake ya kusafiria na askari wa kumlinda, akaona njahi zimechanua kuliko zile za kazini kwake, akaing'oa mistari yote. Hakuuliza. Kwa mama mdogo alizoea kuingia na kufunua chungu bila kukaribishwa, akadhani hata shamba ni hivyo hivyo.

Geti lilipofunguliwa, Mama Wambeti alimkuta amechuchumaa na wembe mkononi, anapasua vinundu, anamwonyesha kwa furaha jinsi vilivyo vyekundu. Alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Njuki, hizo zilikuwa za uzazi wangu," akasema. "Sasa nitakula huo wekundu?"

Mtoto, Mutegi, alizaliwa Agosti, maziwa yakawa haba, na Oktoba tukamzika. Homa pia ilikuwa imepita kijijini, na watu walimwambia Njuki kwamba ilikuwa homa, lakini hakukubali kujificha humo. Utafiti wake ulisifiwa, akapandishwa cheo, na kila aliposifiwa alitazama viatu vyake. Alimpelekea Mama Wambeti kikapu cha njahi, kikarudishwa, akapeleka tena, kikarudishwa tena.

Tarehe 7 Desemba 1957 alimwoa Ntinyari, binti ya mzee Kirimi wa Ruiri, huko Meru alikokuwa amehamishiwa kutafiti kunde, wakajaliwa Kathambi, Gitari na Phyllis. Kathambi alipozaliwa, Novemba 1958, Mama Wambeti aliomba pasi, akasafiri mpaka Ruiri na kiondo cha njahi, akampita Njuki mlangoni.

"Ni za aliyezaa," akamwambia. "Wewe usionje."

Hakuonja, siku hiyo wala nyingine. Kwenye harusi za watu alisukuma sahani ya njahi, wakadhani ni tumbo linamsumbua. Na tangu hapo, mpaka alipostaafu mwaka wa 1983, alisimama mpakani mwa kila shamba akiita hadi mwenyewe atoke, hata wanafunzi wake wakamwita Bwana Hodi, wasijue wanacheka nini.

Aliugua kisukari kuanzia 1993, na akatuacha tarehe 9 Agosti 1996, asubuhi, dada yake akiwa kando ya kitanda. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi, wafanyakazi wenzake, na vijana waliochimba kaburi kwenye mvua.

Neno moja alitaka lisomwe mbele yenu, kwa sababu miaka yote hiyo aliona haya kulisema, akiogopa kuonekana anataka msamaha wa bei rahisi: "Mama mdogo, ilinipasa nikuite kwanza."

Mama Wambeti ameketi hapa mbele, na hatumwombi ajibu. Ila mjue njahi mtakazokula leo zimetoka shambani kwake, amezileta mwenyewe jana, na amewaagiza wapishi kwamba sahani ya Njuki nayo ipakuliwe.

Pumzika, mwana wa Kithaka, kwa amani uliyoona haya kuiomba.