Mzee Ndelilio Shao, Sauti ya Sinema Bubu

Tarehe 31 Julai 1998, Mzee Ndelilio Shao anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuendesha projekta ya Kituo chetu cha Mafunzo ya Wakulima. Alizaliwa Mwika, akasomea ufundi wa redio, akaajiriwa hapa kuonyesha filamu za kilimo bora. Kwa miaka mingi alikuwa na filamu moja tu, ya kupogoa mibuni, na wakulima walikwisha kuikariri.

Mambo yalibadilika mwaka 1987. Kituo kiliwaomba marafiki zetu wa Ujerumani filamu za kupambana na chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Sanduku lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na sinema bubu za Kijerumani, za enzi ambayo waigizaji walisema kwa macho na maandishi yakapita katikati. Kosa lilifanyikia wapi, hatujui hadi leo. Ila wakulima walishaketi ukumbini, tena wengine walitoka mbali, basi Mzee Ndelilio akaweka mkanda wa kwanza na kuwasha.

Akatokea kinyozi mweupe kama chokaa, macho yamezungushiwa weusi, katika mji wa nyumba zilizopinda. Kila anayemnyoa, hubaki na uso wake na kuuhifadhi kwenye chupa. Wakulima wakageuka kumtazama Mzee Ndelilio, ambaye hajui Kijerumani hata cha kuombea maji. Akakohoa kidogo, akasema, "Huyu ndiye chulebuni mwenyewe."

Msimu ule wakulima walipiga dawa kwa bidii ambayo mabwana shamba hawakuwahi kuiona. Taarifa ya mwaka ikasema filamu za chulebuni zimefanikiwa mno, na hakuna aliyeona haja ya kuisahihisha.

Tangu hapo akawa msimulizi, na baadaye mshauri. Ukimweleza shida yako, alikutajia sinema ya kutazama. Wenye ugomvi na wakwe aliwapendekezea ile ya sanamu ya duka la nguo inayochaguliwa kuwa meya. Waliofiwa aliwapa ya mpanda mlima, kwa kuwa inachekesha, ingawa nadhani Wajerumani hawakukusudia. Bwana mmoja anapanda theluji amevaa tai, hana mpagazi, hana hata chai. Vijana wanaobeba mizigo ya watalii mlimani walicheka hadi machozi. Lakini kwa mgeni wa sinema hizi ushauri wake ulikuwa mmoja: aanze na Kinyozi.

Bi. Rukia, muuza mitumba wa Kiboriloni, aliingia kujikinga mvua na akanaswa. Wiki iliyofuata alirudi na wenzake, wamejipaka masizi machoni na kuvaa makoti marefu meusi ya Ulaya ambayo yalikuwa yamemdodea sokoni. Hayakudoda tena. Kinyozi akiinua wembe, ukumbi mzima ulifunika kidevu.

Mwaka 1994 bodi iliamua ukumbi ukodishwe kwa Bwana Primus, aliyetaka kuhifadhi saruji. Siku ya ukaguzi Mzee Ndelilio aliomba jambo moja, kwamba watazame sinema kwanza, ndipo wapime. Pamoja nao alikuwapo mgeni kutoka kwa wale marafiki zetu, Bi. Hannelore, muuguzi aliyejua Kiswahili. Mzee alisimulia kama kawaida, na yalipotokea maandishi ya mwisho akayasoma kama kawaida: kinyozi akatubu, akarudisha nyuso zote, akanyoa watu bure hadi uzeeni.

Bi. Hannelore akainua mkono kwa adabu. "Samahani, Mzee. Hapo pameandikwa: mwisho wa sehemu ya kwanza."

Bi. Rukia alivua koti lake. Miaka yote ile aliamini zile nyuso zilirudi kwa wenyewe. Bwana Primus akaweka chini futi yake, akauliza sehemu ya pili iko wapi. Mgeni akajibu kwamba iliungua zamani sana, hata kwao hakuna aliyebaki wa kuisimulia.

Mkanda ulikuwa umekwisha, na mwanga mtupu ulikuwa ukipiga kwenye shuka jeupe. Mzee Ndelilio hakuuzima. Mkono ukiwa bado juu ya mashine, akasema taratibu, "Sehemu ya pili."

Akaanza kusimulia. Mjane mmoja anautambua uso wa mumewe kwenye rafu ya kinyozi, anaununua bila kusema neno, anaubeba nyumbani ndani ya kikapu. Sisi tuliokaa nyuma tuliwaomba wa mbele wainamishe vichwa, wanatuziba. Wembe ulipoinuliwa, Bwana Primus alifunika kidevu. Ilipokwisha, aliomba irudishwe kidogo, pale kwa mjane. Saruji ilipata pengine pa kwenda.

Tangu siku hiyo sehemu ya pili huonyeshwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ndugu Eliona, anayepokea kazi, ameshaimudu projekta vizuri. Mwezi uliopita alijaribu na sehemu ya pili. Akawasha mwanga, akasimulia neno kwa neno, na watu wote wakaona shuka tu.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi na kwa vicheko. Tunakuombea afya njema, kahawa yenye kuzaa, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Isipokuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tutakapopanda kwako Mwika. Shuka tutakuja nalo.